Visasili vya Kigiriki katika Sanaa za Kiswahili: Majina Yaliyoachwa na Maswali Yaliyobaki

Kisasili ni simulizi linaloeleza asili ya ulimwengu, ya miungu, ya kifo au ya desturi fulani, na ambalo jamii iliyolizaa ililichukua kuwa kweli. Hapo ndipo linapotengana na ngano, ambayo msimulizi na wasikilizaji wake wote wanajua kuwa imebuniwa. Visasili vya Wagiriki wa kale, kama kile cha Prometheus aliyewaibia miungu moto akawapa binadamu, au cha Oedipus aliyemuua baba yake na kumwoa mama yake bila kuwajua, vilipoteza hadhi ya dini ya dola mwishoni mwa karne ya 4 baada ya Kristo, pale Kaizari Theodosius wa Roma alipopiga marufuku ibada za miungu ya zamani, lakini sanaa haikuviacha hadi leo. Katika Afrika Mashariki swali la athari yake huulizwa kwa nadra, na linapoulizwa hujibiwa kwa haraka: ama husemwa kuwa mambo ya Ugiriki hayawahusu Waswahili, ama hutafutwa shujaa wa Kiafrika anayefanana na wa Kigiriki, kisha kufanana huko kukafanywa ushahidi wa kuathiriwa. Majibu yote mawili yanaliruka jambo lenyewe. Visasili hivyo viliingia katika sanaa za Kiswahili kwa milango kadhaa na kwa nyakati mbalimbali, na pale vilipoingia na majina yake kamili havikuota mizizi, ilhali pale msanii alipoyaacha majina akabaki na swali, vilizaa baadhi ya kazi kubwa kabisa zilizowahi kuandikwa kwa lugha hii.

Sababu ya visasili hivyo kudumu haiko katika utukufu wa Ugiriki, kama vitabu vingi vya Ulaya vilivyozoea kufundisha, bali iko katika hulka ya visasili vyenyewe. Wagiriki hawakuwa na msahafu mmoja uliofunga maana ya hadithi za miungu yao. Kila mtunzi alikuwa na ruhusa ya kuigeuza hadithi ambayo hadhira yake ilikuwa inaijua tayari, na ndiyo maana kisa kimoja cha Electra, binti aliyelipiza kisasi cha baba yake, kilitungiwa tamthilia na Aeschylus, Sophocles na Euripides, kila mmoja akikipa uzito wa kimaadili usiolingana na wa mwenzake. Mshairi wa Kirumi Ovid aliendeleza desturi hiyo mwanzoni mwa karne ya 1, wachoraji wa Italia akina Botticelli na Titian wakaipokea kutoka kwake, Monteverdi akaitumia hadithi ya Orpheus kutunga moja ya opera za mwanzo kabisa mwaka 1607, na mwaka 1990 Derek Walcott wa Saint Lucia akawafanya wavuvi weusi wa Karibi kuwa mashujaa wa utenzi wenye majina ya Homer. Kwa hiyo msanii anayekigeuza kisasili cha Kigiriki hakivunji, kwa kuwa anafanya kile ambacho Wagiriki wenyewe walikifanya tangu mwanzo.

Mlango wa kwanza kuelekea pwani ya Waswahili ulikuwa ule wa Waarabu, na ulikuwa mlango uliochuja. Wafasiri wa Baghdad wa karne ya 9 na ya 10 waligeuza kwa Kiarabu sehemu kubwa ya falsafa, tiba, hisabati na elimu ya nyota ya Kigiriki, lakini tenzi za Homer na tamthilia za Athens ziliachwa nje, kwa sababu miungu mingi haikuwa na nafasi katika dini ya Mungu mmoja na pia kwa sababu Waarabu hawakuwa na jukwaa la tamthilia. Matokeo yake yanaonekana vizuri katika hatima ya kitabu cha Aristotle kuhusu ushairi, ambamo mwanafalsafa huyo alieleza tanzia, yaani tamthilia inayomwonyesha mtu mwenye hadhi akiporomoka hadi kwenye maangamizi na kuamsha kwa watazamaji huruma na hofu. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiarabu, lakini Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alipokifafanua bila kuwahi kuona mchezo wa jukwaani, aliichukua tanzia kuwa ni utenzi wa sifa na komedia kuwa ni ushairi wa kukashifu. Pwani ya Afrika Mashariki ilirithi kutoka ulimwengu huo kasida za sifa, na ilirithi pia tiba inayotegemea nadharia ya Kigiriki ya majimaji manne ya mwili, lakini haikurithi Oedipus wala Antigone. Hata sayari ambazo Wazungu waliziita kwa majina ya miungu ya Roma zilifika katika Kiswahili zikiitwa Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali, na mbingu ya Waswahili ikabaki bila Zeus.

Hata hivyo kilichozuiwa mlangoni wakati mwingine hupita kwa uficho. Katika safari yake ya tatu, Sindbad baharia wa Alfu Lela Ulela anaangukia mikononi mwa jitu linalowabanika na kuwala mabaharia, naye na wenzake wanalipofua kwa vyuma vilivyotiwa motoni na kukimbilia baharini huku likiwarushia mawe. Wataalamu wameona kwa muda mrefu jinsi kisa hiki kinavyokaribiana na kile cha Odysseus na jitu lenye jicho moja katika utenzi wa Homer. Hadithi za Alfu Lela Ulela zilisimuliwa pwani kwa mdomo na zikachapishwa kwa Kiswahili katika karne ya 20, na kwa njia hiyo watoto wengi wa Zanzibar, Tanga na Mombasa walitishwa na jitu hilo bila kulisikia jina la Odysseus. Huu ni mfano bora wa namna kisasili kinavyosafiri: hakikubeba hati ya kusafiria, kilibeba tukio lenye nguvu, na tukio hilo lilitosha.

Lakini si kila kufanana ni kurithi, na hapa wahakiki wengi huteleza. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini ambaye maisha yake yalitungiwa utenzi na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, hakuweza kudhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na siri hiyo ilitolewa kwa maadui na mwanawe wa kumzaa. Mara nyingi huwekwa kando ya Achilles, ambaye mwili wake wote ulikuwa salama ila kisigino. Kinachosahaulika ni kwamba kisigino hicho hakimo katika Homer. Kisa cha mama kumchovya mtoto katika mto wa kuzimu kinaonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi ya Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 baada ya Kristo, na mashujaa wenye sehemu moja dhaifu wanapatikana pia kwa Wajerumani wa kale na kwa watu wengine ambao hawakuwahi kusoma Kilatini. Uzuri wa kifo cha Liyongo uko mahali pengine kabisa: baada ya kuchomwa anakwenda kisimani, anapiga goti na kuweka mshale katika upinde, anafia hapo hapo katika hali hiyo, na watu wa mji wanakosa maji kwa siku kadhaa kwa sababu hakuna anayethubutu kumkaribia mtu wanayedhani yu hai. Achilles hana kifo cha namna hiyo, na kumfanya Liyongo nakala ya Achilles ni kumwibia kile kilicho chake.

Mjadala huu haukuwa wa kupita katika kilima cha Mlimani, ambako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihamia mwaka 1964 kutoka katikati ya mji. Mwaka 1970 mtaalamu Ruth Finnegan alitilia shaka kuwepo kwa tendi katika Afrika, yaani masimulizi marefu ya kishairi kuhusu mashujaa, na shaka hiyo kwa kiasi kikubwa ilitokana na kumchukua Homer kuwa kipimo. Mugyabuso Mulokozi, ambaye tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1986 katika chuo hicho ilichunguza tendi za nanga za Wahaya, zinazoimbwa na msanii akipiga zeze la nyuzi kadhaa, alionyesha kuwa zinakidhi sifa za utendi kwa masharti yake zenyewe. Kazi hiyo inastahili kukumbukwa, kwa kuwa bila ya kuwa na tendi za nyumbani zilizochunguzwa kwa umakini, mazungumzo yoyote kuhusu Ugiriki hugeuka kuwa ibada ya Ugiriki.

Mlango wa pili ulifunguliwa na misheni na shule. Waswahili wengi Wakristo walikutana na miungu ya Kigiriki kwa mara ya kwanza katika Matendo ya Mitume, pale watu wa Listra wanapomchukua Barnaba kuwa ni Zeu na Paulo kuwa ni Herme, na pale mafundi wa fedha wa Efeso wanapofanya ghasia kwa ajili ya mungu wao Artemi. Hapo majina yapo, lakini hadithi hazipo. Zeu ni kosa la watu wa Listra, na msomaji haambiwi zaidi. Hali ni karibu ile ile kwa visasili vilivyofika ndani ya tafsiri za Shakespeare. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa ametoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, alichapisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na tamthilia hiyo imejaa visasili: mwanzoni nywele za Portia zinalinganishwa na ngozi ya dhahabu ambayo Jason aliisafiria, na katika tendo la mwisho wapenzi wawili walio chini ya mwezi wanatajiana Troilus, Thisbe, Dido na Medea. Kwa watazamaji wa London wa mwishoni mwa karne ya 16 kila jina lilikuwa onyo, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya wapenzi hao aliyemaliza vizuri, na furaha ya Lorenzo na Jessica ilikuwa inatiwa doa bila wao kulisema. Msomaji wa Kiswahili asiyezijua hadithi hizo huyapita majina hayo kama abiria anavyosikia konda akitaja vituo vya njia ambayo hajawahi kuipanda. Hili si kosa la mfasiri. Ni mpaka wa majina yenyewe, yasiyo na kazi pale ambapo hadithi haijatangulia.

Katika miaka hiyo hiyo suala la nani mwenye Ugiriki lilikuwa limekwisha kuwa suala la siasa. Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, alipotoa mhadhara wake wa uprofesa katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1966, alichagua kuzungumzia Ugiriki ya kale katika fikra za kisiasa za Kiafrika, akichunguza namna Ulaya ilivyojipa ukoo wa Kigiriki ili kujitukuza na namna wanafikra wa Kiafrika walivyoukabili ukoo huo. Miaka miwili baadaye, huko Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Madai yao yalikuwa ya haki, hasa ukizingatia jinsi Ulaya ilivyovitendea visasili vyenyewe: Andromeda, binti wa mfalme wa Wahabeshi, anasemwa na Ovid kuwa alikuwa na rangi nyeusi, lakini Titian alipomchora katika miaka ya 1550 alimpa mwili mweupe kama wa mabinti wa Venice, na wachoraji wengi waliomfuata wakafanya vivyo hivyo. Anayesema kuwa visasili hivyo ni mali ya Ulaya peke yake hana budi kueleza kwanza kwa nini miungu ya Homer, kila inapotaka kula karamu kwa amani, huenda kwa Wahabeshi.

Ni katika mazingira hayo ndipo Samuel Mushi, ambaye baadaye alikuwa profesa wa sayansi ya siasa Mlimani, alipoitafsiri tanzia kubwa ya Sophocles kwa jina la Mfalme Edipode, iliyochapishwa mwaka 1971. Alikuwa tayari ametafsiri Macbeth na The Tempest, na kwa kuichagua Oedipus alikipa Kiswahili kazi ambayo Aristotle aliichukua kuwa kielelezo cha tanzia zote. Ni tafsiri inayostahili kusomwa zaidi ya inavyosomwa. Nafasi ambayo ingeweza kuwa yake ilichukuliwa na tamthilia iliyotangulia kwa miaka miwili tu, isiyomtaja Mgiriki hata mmoja.

Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Kilwa mwaka 1943 na kusoma Mlimani, ambako Idara ya Sanaa za Maonyesho ilianzishwa mwaka 1967, alichapisha Kinjeketile mwaka 1969, na tangu hapo imekuwa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa zaidi katika shule za Tanzania na Kenya. Msingi wake ni historia: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alisambaza imani ya maji yanayokinga risasi, akanyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na Vita vya Maji Maji vikaendelea hadi 1907. Lakini muundo aliojenga Hussein juu ya historia hiyo ni wa tanzia kwa maana kamili ya neno. Katika tamthilia za Sophocles mtu hupewa kauli ya mungu kwa mdomo wa kuhani, kauli ambayo ni ya kweli lakini maana yake haijulikani mpaka imekwisha kutimia. Oedipus anaikimbia kauli hiyo na kwa kuikimbia anaitimiza. Kinjeketile anachukuliwa na mzimu wa majini na anarudi na neno linaloyaunganisha makabila yaliyokuwa yanagombana, kisha anagundua kuwa ndani ya neno hilo mlikuwa na ahadi ya watu wake kuwa watoto wa Seyyid Said, yaani kumtoa mkoloni mmoja na kumpokea mwingine. Anataka kulizuia, lakini halimtii tena. Vita vinaanza bila ruhusa yake. Tofauti na Ugiriki iko hapa, na ni tofauti kubwa: kinachomshinda Kinjeketile si amri ya miungu bali ni haja ya watu, ambao walikuwa wanalihitaji neno la kuwaunganisha kiasi kwamba hata mtoaji wake hakuweza kulirudisha. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani wanaotaka akanushe maji, anakataa, ingawa anajua kuwa maji hayakingi risasi, kwa sababu kukanusha kungeua kile kilichozaliwa pamoja na uwongo huo. Oedipus anajitoboa macho baada ya kuijua kweli. Kinjeketile anaijua kweli na kuamua kuinyamazia mbele ya adui, na katika uamuzi huo Hussein aliipa tanzia jambo ambalo Athens haikulifikia.

Hakuna haja ya kudai kuwa Hussein alikuwa na Oedipus mezani. Alisoma tamthilia, akaandika tasnifu ya udaktari kuhusu ukuaji wa tamthilia katika Afrika Mashariki, akajifunza pia kwa Bertolt Brecht, aliyetaka mtazamaji afikiri badala ya kuzama katika huruma. Muundo wa tanzia ulikuwa katika vifaa vyake vya kazi. Wenzake Mlimani hawakuridhika nao muda wote. Penina Muhando Mlama, aliyeanza kwa tamthilia za mtindo wa kawaida wa jukwaa, katika Nguzo Mama ya mwaka 1982 alimrejesha msimulizi, ambaye kazi yake inakaribiana na ya korasi ya Kigiriki, yaani kundi la waimbaji lililosimama upande wa raia na kutoa maoni juu ya matukio, lakini chimbuko lake ni fanani wa hadithi anayeitikiwa na wasikilizaji wake. Hussein mwenyewe alifuata njia hiyo ya mtambaji katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi za mwaka 1976.

Mgogoro ambao Wagiriki waliuweka katika kisasili cha Antigone una ukaribu na Afrika kuliko mwingine wowote. Antigone anamzika kaka yake dhidi ya amri ya mfalme Creon wa Thebes, akidai kuwa sheria zisizoandikwa za wafu na ukoo ni kubwa kuliko amri ya dola. Mwanafalsafa Hegel aliona hapo mgongano wa haki mbili, si wa haki na batili. Katika gereza la Robben Island wafungwa waliwahi kuigiza tamthilia hiyo, na Nelson Mandela akapewa nafasi ya Creon; mwaka 1973 Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona wakatunga tamthilia kuhusu wafungwa wawili wanaoiandaa. Kwa Kiswahili swali hilo lilikuja kwa njia nyingine. Wakili S. M. Otieno alipofariki Nairobi mwezi Desemba 1986, mjane wake Wambui, Mkikuyu, na ukoo wa marehemu wa Kijaluo waligombania mahakamani mahali pa kumzika, na mwezi Mei 1987 akazikwa Nyalgunga kama ukoo ulivyotaka. Mwaka uliofuata Hussein alichapisha Kwenye Ukingo wa Thim, ambamo Martha na ukoo wa mumewe Herbert wanapambana juu ya maiti. Maiti ni moja, sheria mbili, na mwanamke yuko katikati kama kule Thebes, lakini pande zimebadilishana: sasa mwanamke ndiye anayeitegemea sheria ya mahakama, na ukoo ndio unaosimama na sheria zisizoandikwa. Anayemsikitikia Antigone kwa sababu alitetea mila dhidi ya dola analazimika hapa kumsikitikia mwanamke ambaye mila ndiyo inayomponda, na hapo ndipo swali la Kigiriki linapopata ukali ambao Ulaya, iliyozoea kumwona Antigone kama shujaa wa dhamiri binafsi, haikuwa na sababu ya kuuhisi.

Katika uchongaji wa Kimakonde na uchoraji wa Tingatinga athari hiyo haipo, na kuitafuta ni kupoteza muda. Mashetani wanaochongwa na kuuzwa Mwenge, Dar es Salaam, wana asili yao wenyewe. Athari hiyo iko katika riwaya. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyefundisha Mlimani kabla ya kuhamia Botswana, alichapisha Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Katika ya kwanza msimulizi anayetafuta njia anakutana na wanafikra wa zama mbalimbali, wakiwemo Socrates na Plato, nao hawamfikishi anakotaka kwenda. Katika ya pili, jina lenyewe, lenye maana ya njia zinazotatanisha, linaibua jengo ambalo fundi Daedalus alimjengea mfalme Minos wa Krete, lenye njia zinazojirudia na zimwi lenye kichwa cha ng'ombe katikati, ambamo Theseus aliingia akiwa na uzi wa Ariadne na kutoka salama. Kezilahabi hampi msafiri wake zimwi la kuua wala uzi wa kumtoa. Anampeleka kwa mzee wa ajabu aitwaye Kakulu, katika ulimwengu ulioteketea ambao hauna budi kuanza upya, na njia zake zinachanganya Ugiriki, Baba na Mwana wa Ukristo, na masimulizi ya kisiwani kwao kiasi kwamba hakuna anayeweza kuzitenganisha bila kuibomoa riwaya. Tasnifu yake ya mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin ilikuwa imehoji mazoea ya kuisoma fasihi ya Kiafrika kwa vigezo vya falsafa ya Ulaya, na katika riwaya hizi aliutendea urithi wa Kigiriki kama alivyoutendea ule wa Kikerewe, yaani kama malighafi isiyo na kipaumbele, inayoweza kukatwa, kuchanganywa na kuachwa pale mtunzi anapoona haimfikishi.